Mwembe wa bibi umechanua Mkuranga, njooni tuutazame kabla haujapukutika

Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam. Humu tumezoea kuulizana bei ya miche, dawa ya viwavi na soko la matikiti, na mimi ni mmoja wa waulizaji. Leo nataka kusema juu ya maua, kwa sababu yapo sasa hivi na wiki ijayo huenda yasiwepo.

Shamba letu liko Mkuranga, Pwani, ndani kidogo ukiiacha barabara ya Kilwa. Ni ekari tano: mikorosho, minazi, michungwa michache na miembe thelathini na kitu ya kubebesha, yaani iliyoungwa kitawi cha mwembe mwingine. Mbolea ya chumvichumvi hatutumii, wala dawa za viwandani. Tupo kwenye kikundi cha kilimohai ambacho wanachama wake hukaguana wenyewe kwa wenyewe, shamba kwa shamba, daftari mkononi.

Katikati ya shamba kuna mwembe mmoja wa dodo. Bibi aliupanda kwa kokwa mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha. Zilipofika siku za kuhamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa, nyumba yao ilibomolewa na mwembe ukabaki peke yake. Wenye asili ya Pwani mnajua: ukitaka kuyapata mahame ya watu, tafuta mwembe mkubwa uliosimama porini bila nyumba. Sisi tulirudi kwenye mahame yetu kwa sababu ya mti huu.

Mwanzoni mwa Juni, kusi ilipoanza kuleta ubaridi wa usiku, ncha za matawi zilivimba. Kwa siku kadhaa huwezi kujua kitakachotoka. Chipukizi likikutana na usiku wa baridi na ardhi kavu, hutoa maua. Likikutana na joto na maji mengi, hutoa majani. Mwaka jana upande wa kaskazini wote ulitoa majani. Mwaka huu nilikuwa natoka kila asubuhi kuangalia kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani, na Jumapili nikaona vijiti vyekundu vimechomoza kila pembe.

Leo ni siku ya nne tangu maua ya kwanza yafunguke. Mti mzima, kutoka matawi yanayogusa ardhi hadi kileleni, umegeuka rangi. Ukiwa mbali unaona kama kutu ya dhahabu juu ya kijani. Ukisogea unaona mashada, marefu kama mkono kutoka kiwiko hadi vidole, vikonyo vyekundu, na juu yake vijiua vidogo kuliko punje ya mchele uliopikwa. Kijiua kikifunguka huwa cheupe chenye mistari ya manjano ndani. Kikizeeka, nacho huzeeka haraka, mistari inaingia wekundu na petali zinakuwa za waridi. Kwa hiyo kwenye shada moja unaona leo, jana na juzi kwa pamoja.

Harufu yake siwezi kuiandika vizuri. Ni asali, halafu nyuma yake kuna ukali wa utomvu wa embe bichi. Saa kumi na mbili asubuhi inashuka hadi mlangoni.

Nitaendelea kuweka habari hapa kila nitakapopata nafasi.

Mchangiaji wa Muheza

Mkuu, umenirudisha nyumbani. Sisi tulikuwa tukikatazwa kupita chini ya mwembe uliochanua tukiwa tumebeba fimbo, tusije tukaupiga tukaangusha maua. Swali: nimesikia watu wa kilimohai mnawaacha maji moto waishi juu ya miembe. Je, hawawafukuzi nyuki wakati wa maua?

Mwanzisha uzi

Shukrani mkuu. Ndiyo, maji moto wapo, na kwenye dodo hili wana viota zaidi ya kumi. Kwa asiyewajua: ni wale chungu wekundu wanaoshona majani mabichi kwa uzi unaotoka kwa watoto wao wenyewe. Mmoja anamshika mtoto mdomoni na kumpitisha huku na huku kama sindano ya fundi, wenzake wamevuta majani mawili yakutane. Watafiti wa Naliendele kule Mtwara wamewafuatilia kwa miaka mingi kwenye mikorosho, kwa sababu wanamwinda mbu wa mikorosho na wadudu wengine wanaofyonza chipukizi. Kwenye embe wanasaidia pia dhidi ya nzi wa matunda: nzi anayetaka kutaga hapati utulivu.

Kuhusu maua, nasema nilichokiona kwangu. Maji moto hupita kwenye vikonyo, na nyuki wakubwa huwaogopa kidogo. Lakini mchavushaji mkuu wa mwembe si nyuki, ni nzi. Nzi wa kijani, nzi wadogo wenye mistari kama nyigu, wakisaidiwa na wale nyuki wadogo wasiouma. Wanatua nchani kabisa, wanalamba, wanaondoka. Ukisimama chini saa mbili asubuhi unasikia mti unavuma. Miembe ya jirani inayopulizwa dawa kila wiki imechanua pia, na ni mizuri kwa macho, ila nimesimama chini yake mara tatu na kimya chake kilinisumbua.

Kwetu nzi wanazaliana kwenye rundo la samadi na majani makavu tuliyotandaza chini. Wageni huniambia lile rundo linachafua shamba. Nawaomba wasimame pale kwa dakika tano tu.

Mchangiaji wa Dar es Salaam

Hadithi tamu, lakini wengine tunataka hesabu. Mti huo unakupa tenga ngapi? Maua hayaliwi.

Mwanzisha uzi

Swali la haki, ndugu yangu, maana ada za watoto hutoka humo humo.

Shada moja la mwembe hubeba mamia ya maua, mengine hufika maelfu. Mengi ni madume matupu. Machache yana kike na kiume ndani yake, na hayo ndiyo pekee yanayoweza kuwa embe. Kila ua huwa na kijiti kimoja tu chenye chavua ya maana, mara chache viwili. Linafunguka usiku au alfajiri, na saa zake za kwanza ndizo zenye nguvu. Asipotua nzi, basi. Yakishashika, mti wenyewe huangusha vitoto vyake kwa wingi, vingine saizi ya njegere, vingine saizi ya yai la kwale. Shada la maua elfu moja likikupa embe moja au mbili za kuvunwa, limefanya kazi yake.

Ndiyo maana siwezi kukuambia tenga ngapi. Mwaka wa neema dodo hili limewahi kujaza matenga ishirini na mawili. Mwaka uliofuata lilipumzika, tukaokota za kula nyumbani tu. Mwembe una mwaka wake na una mwaka wa kupumua.

Lakini naomba unielewe. Haya maua 999 yasiyokuwa embe hayakukosea njia. Yamemlisha nzi, yamemlisha nyuki, na yamenitoa mimi kitandani kabla ya adhana siku nne mfululizo. Nikiyaita hasara nitakuwa sikuangalia.

Mchangiaji wa Tabora

Uzi mzuri sana. Huku kwetu miembe ni historia. Njia ya misafara ya karne ya 19, ile ya kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, bado ina miembe mikubwa, na wazee wanasema ilitokana na kokwa walizotupa wasafiri na wapagazi. Wengine waliopita njia hiyo walikuwa watumwa. Ikichanua mimi hufurahi na kuhuzunika kwa pamoja, sijui nieleze vipi.

Na embe lenyewe ni mgeni wa zamani. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliandaliwa wali pamoja na achari, na embe zilikuwemo. Hata jina limesafiri na tunda kutoka ng'ambo ya bahari: Wahindi wa Gujarati na Maharashtra hadi leo wanasema *amba* au *ambo*.

Mwanzisha uzi

Asante sana mkuu wa Tabora. Umeeleza vizuri kuliko unavyodhani.

Siku ya sita. Nimefanya jambo ambalo nililelewa kutolifanya: nimekata shada moja. Bibi haoni vizuri tena, na tangu mwaka jana miguu haimbebi. Anakaa chumba cha nyuma, dirisha linatazama minazi. Nililiweka mkononi mwake. Akalipapasa kutoka kwenye kikonyo hadi nchani, polepole, akalinusa, akasema: "Hili la upande wa kisima." Na kweli nilikata upande wa kisima. Nilimuuliza amejuaje, akasema upande ule hupata jua mwisho, maua yake huwa hayajakauka saa zile.

Halafu akanikaripia. "Usinikatie tena. Nibebeni mnipeleke."

Nilimwambia tusubiri Jumamosi, vijana watakuwepo wote, tutambeba kwa utaratibu. Akauliza leo ni siku gani. Nikasema Jumanne. Akasema, "Maua hayaijui Jumamosi."

Kesho asubuhi tunambeba.

Mchangiaji wa Malindi

Ndugu yangu, mbebeni kesho hiyo hiyo. Nakwambia kama mtu aliyepata funzo. Huku kwetu tuna ngowe na embe za apple, na mwaka juzi mvua ya usiku mmoja iliyapita maua yangu yote, asubuhi nikakuta ni kama yamemwagiwa maji ya moto. Ua la embe halivumilii mvua.

Na kama mko kwa kilimohai, anzeni kujipanga kwa nzi wa matunda mapema. Yule nzi aliyetoka Asia alionekana kwetu Pwani ya Kenya mwaka 2003 na tangu hapo hatujalala. Nyinyi mwafanyaje bila dawa?

Mwanzisha uzi

Shukrani ndugu wa Malindi. Kwa kifupi: kila embe lililoanguka linaokotwa siku hiyo hiyo. Ama tunazika chini, zaidi ya urefu wa mkono hadi kwenye kiwiko, ama tunafunga kwenye mfuko mweusi na kuuanika juani hadi funza wafe. Tunatundika mitego ya kuwavuta madume. Kivutio kinachouzwa kimo pia kwa asili kwenye aina fulani za mrehani, na mama yangu huponda mrehani akaweka kwenye chupa zilizotobolewa. Haishindi ile ya dukani lakini inakamata. Maji moto wanamalizia. Wachumaji wanajipaka majivu mikononi kabla ya kupanda, vinginevyo hakuna anayekaa juu.

Sasa siku ya saba.

Tulimbeba bibi kwenye kiti cha plastiki, wanne, mmoja kila mguu wa kiti. Tulimweka chini ya tawi la mashariki ambalo limeinama. Mashada yalikuwa yanamgusa kitambaa cha kichwa. Hakusema kitu kwa muda mrefu. Vijiua vilikuwa vinadondoka kidogo kidogo, kama pumba za mpunga zikipepetwa mbali, vikakaa kwenye khanga yake mapajani. Alikuwa anavikusanya kwa kidole, anavirundika, upepo unavipeperusha, anaanza tena.

Nilitaka kupiga picha. Nilipoitazama ile picha kwenye simu nikaona mti wa kijani wenye vumbi na mwanamke mzee kwenye kiti. Rangi haikuingia, mvumo haukuingia, nikaifuta. Ndiyo maana uzi huu hauna picha, na naomba radhi kwa mliozitarajia.

Alikaa hadi jua lilipomfikia. Kabla ya kumrudisha aliuliza, "Wamo?" Nikadhani anauliza maji moto. Alikuwa anauliza nzi. Nikamwambia wamejaa. Akasema, "Basi mmeutunza."

Mchangiaji wa Muheza

Mkuu, nimesoma hii nikiwa kwenye daladala, imebidi niangalie dirishani.

Mwanzisha uzi

Wakuu, siku ya kumi na moja. Ndugu wa Malindi alisema.

Usiku wa siku ya tisa mvua ilinyesha kuanzia saa nane hadi karibu na alfajiri. Si mvua kubwa, manyunyu yasiyokoma, na kukicha hakukuwa na upepo wa kukausha. Siku ya kumi ikawa mawingu kutwa. Jioni nikaona madoa meusi madogo kwenye vikonyo. Leo asubuhi mashada ya magharibi na kusini yote ni meusi. Ukiyagusa yanabaki mkononi.

Ni chule, ugonjwa wa ukungu. Vimelea vyake hukaa kwenye vitawi vilivyokufa na majani makavu yaliyong'ang'ania mtini, na matone ya mvua ndiyo yanayovirusha kwenye maua. Hapa nakiri kosa langu. Miembe ya kubebesha nilipogoa yote baada ya mavuno, nikaondoa vitawi vikavu na vikonyo vya zamani. Dodo la bibi sikuligusa kileleni. Nilisema ni refu, nilisema nitatafuta ngazi, msimu ukapita. Miembe iliyopogolewa imepoteza maua pia, lakini si hivi.

Na nakiri jingine. Jioni ile ya siku ya kumi jirani yangu, mtu mwema kabisa, alikuja na bomba mgongoni na dawa yake ya ukungu. Alisema, "Puliza sasa usiku, hakuna atakayejua, kesho utakuja kunishukuru." Nilisimama naye uani kama robo saa. Niliwaza ada ya kidato cha tatu. Niliwaza yale matenga ishirini na mawili. Dawa ya ukungu ya shaba inaruhusiwa kwetu kwa masharti, lakini shaba ni kinga, haitibu kilichokwisha kuingia, na mimi sikuiweka mapema kwa sababu maua yalikuwa wazi na wadudu wamejaa juu yake. Dawa yake huenda ingeokoa kitu. Huenda.

Sikupuliza. Daftari la kikundi nililiogopa kidogo tu. Kilichonizuia ni lile swali la bibi la "Wamo?" Mimi ndiye niliyemjibu kwamba wamejaa, na kuna upande wa mashariki ambako walikuwa bado wamejaa wakati ule ule jirani anazungumza.

Mchangiaji wa Dar es Salaam

Pole sana mkuu. Mimi ndiye niliyeuliza matenga. Nimefuatilia kila siku tangu pale. Upande wa mashariki umepona?

Mwanzisha uzi

Nimepoa, ndugu yangu, na usijilaumu kwa swali lile, lilinisaidia kueleza.

Zimepita wiki mbili na siku kadhaa, naleta habari ya mwisho.

Upande wa mashariki umepona kwa sehemu. Una mkorosho mkubwa karibu yake, nadhani ndio uliokinga manyunyu. Nimehesabu kwenye tawi lile lililoinama: mashada arobaini na sita, kati yake kumi na tisa yana embe changa, saizi ya njegere, zimesimama na kanywele keusi nchani pale ua lilipokuwa. Nyingi zitaanguka. Kwenye miembe ya kubebesha hali ni nafuu, tutauza kidogo. Kwenye dodo sitarajii zaidi ya tenga tatu, na zikifika hizo nitafurahi.

Kuna jambo nililoliona nataka wakulima wenzangu mlijue. Baadhi ya matawi ambayo shada lake lilikufa kabisa, kama baridi bado ipo, hutoa vishada vidogo pembeni, pale jani linapokutana na tawi. Nimeviona kwenye matawi saba. Ni vifupi, kama kidole, na vimechelewa, lakini vinafunguka sasa hivi na nzi wameshavijua. Msiwe na haraka ya kukata ncha zote nyeusi, kateni sehemu iliyokufa tu.

Ngazi nimeazima. Vitawi vikavu vya kileleni tumeviondoa jana, tumevichoma mbali na shamba.

Mashada yote meusi yameshaanguka. Chini ya mti kulikuwa na tabaka lake siku mbili hivi, kisha kuku wakachakura, likachanganyika na majani, ukitazama leo huwezi kujua kwamba kulikuwa na kitu. Mtu akipita njia hii leo ataona mwembe wa kawaida.

Jana nilimpelekea bibi chai akaniuliza kama maua bado yapo. Nilifikiria kumwambia yapo kidogo, kwa sababu ya vile vishada saba. Nikamwambia ukweli, kwamba mvua iliyachukua siku mbili baada ya yeye kuyaona. Akanywa chai yake. Baadaye akauliza kama kileleni pameanza kutoka majani mekundu.

Yameanza. Upande wa magharibi, pale pale palipoungua, kumetoka majani mapya, rangi kati ya zambarau na shaba, malaini, yananing'inia kama kitambaa kilicholowa maji. Hayo nayo hukaa siku chache hivi, halafu yanakuwa kijani kama mengine.

Vijana wako shuleni hadi Ijumaa. Nimemwambia jirani, yule mwenye bomba, atakuja kesho asubuhi kushika mguu mmoja wa kiti.